Punguzo la Raitala

Theluji ilidondoka polepole juu ya mji wa Kenora kama usufi uliopasuka ganda, na ziwa lote lilikuwa limelala kimya chini yake. Wendell Hrycay alisimama dirishani, kikombe cha kahawa mkononi, akiota mchana kweupe. Aliota ubingwa.

Ukoo wao ulikuwa na ligi ya kubuni ya hoki ya barafuni. Kila mmoja aliteua wachezaji wa kweli, na walichofanya uwanjani kikawa alama zake. Mishahara ya wachezaji wako haikuruhusiwa kuvuka kikomo, ila palikuwa na punguzo: uliyemteua angali kinda ukamlea, alihesabiwa nusu mshahara maadamu umebaki naye. Ukimwachia, punguzo linakufa. Bingwa alipewa nyumba ya ukoo ya kando ya ziwa, mwezi mzima wa Julai.

Mkewe Delphine aliiota Julai hiyo miaka nenda miaka rudi: ukungu wa alfajiri, maji yakinong'ona chini ya gati. Katika timu yao ya pamoja, ndiye aliyemteua kipa Raitala, wakati huo kijana asiyejulikana hata na jirani zake. Sasa Raitala alikuwa ukuta, tena kwa nusu mshahara.

Siku hiyo Bernice, dada yake Wendell, alipiga simu.

"Kaka, nina Lavigueur hapa, anafunga kama karogwa. Mchukue, unipe huyo kipa wako msinziaji."

Wendell akaanza kutikisa kichwa kukubali. Delphine akamshika mkono. "Usimguse Raitala, Wen."

"Mwanamke wewe, Raitala analala golini!"

"Analala, lakini umeona kitu kikimpita?"

Wendell alicheka, akakubali mabadilishano. Kwa kuwa Lavigueur alihesabiwa mshahara mzima, ilimbidi aachie na walinzi wawili ili asivuke kikomo. Hakujali. Majuma mawili Lavigueur aliwaka kama moto wa nyika, na Wendell akatembea kama anayekanyaga mawingu. Kisha moto ukazima ghafla. Mechi baada ya mechi, Lavigueur aliteleza barafuni kama mtu aliyesahau alichofuata.

Wendell akampigia dada yake. "Bernice, turudishiane basi."

"Mchukue hata leo! Ila kwa mshahara mzima. Punguzo lilikufa ulipomwachia, sheria unaijua."

Alipiga hesabu mpaka macho yakamwuma, mshahara mzima wa Raitala haukuingia ndani ya kikomo. Aprili, barafu ya ziwa ikipasuka kwa vishindo vya mbali, Bernice alitawazwa bingwa, na Raitala ndiye aliyembeba.

"Julai mnakaribishwa chai," alisema Bernice kwenye simu. "Siku moja lakini!"

Wendell alimkuta Delphine chumbani akikunja nguo za kuogelea na kuzirudisha sandukuni, taratibu, kama anayelaza mtoto.

"Nisamehe, Del. Nimekupotezea Julai yako."

"Julai itakuja nyingine," alijibu bila kuinua uso. "Kinachoniuma ni kwamba nilikwambia, ukanisikia kama redio ya jirani."

Wendell aliketi kando yake, akatwaa nguo moja, akaanza kukunja naye. Kipa alikuwa amekwenda na punguzo lake, Lavigueur alikuwa amepita kama upepo, na nje maji meusi yalikuwa yakifunguka katikati ya barafu. Usiache mbachao kwa msala upitao.