Mgeni Aliyeota Ukutani kwa Bi Kazija

Wewe unayesikiliza, hebu niambie: kuvu ikiota ukutani kwako, mwenye kosa ni nani, ni wewe uliyelala humo au ni mvua iliyonyesha bila kukuuliza? Usijibu haraka. Kuna mji mzima uliwahi kujibu haraka, ukakoma.

Hapo zamani, masika yalipokuwa masika kwelikweli, watu wakianika nguo Jumatatu na kuzianua Jumatatu ya pili zikiwa mbichi vilevile, Sultani Mwidadi alikuwa akitawala mji wa Tandamanga. Basi siku moja akajiwa na balozi kutoka nchi za jangwani. Sultani akatolewa sandukuni joho lake la heshima, akalivaa, akaketi. Balozi akalitazama, akapiga chafya tisa, kisha akauliza kwa adabu, "Maulana, manyoya hayo ya kijani begani ni ya mnyama gani?"

Hayakuwa manyoya.

Sultani akafedheheka mno, akamwita Waziri Ngwali, mtu aliyekaa ng'ambo miezi miwili akarudi na maneno ya watu kama aliyerudi na mafua.

"No problem, Maulana," akasema Waziri. "Kosa ni la raia. Kuvu huzaliwa kwenye vibanda vyao, ikapanda mpaka huku kwa wakubwa. Amuru kila nyumba yenye kuvu ivunjwe, with immediate effect, na kila mtu ajenge mpya isiyoota kuvu."

"Na gharama yake?"

"Affordable kabisa, Maulana."

Na hiyo affordable yenyewe ilikuwa hivi: chokaa iliyokandwa kwa mayai mia saba, boriti za msaji kutoka ng'ambo, na rangi iliyokorogwa kwa maziwa ya ngamia, na mji mzima hapakuwa na mwenye ngamia ila Waziri. Jumla ng'ombe arobaini kwa chumba kimoja. Choo hakimo.

Basi siwa, baragumu la Sultani, ikapulizwa, amri ikatangazwa, na wavunjaji wakaingia mitaani na mitaimbo.

Ikawa huko nyuma ya mji alikuwapo kijana jina lake Vuai, yeye na mama yake, Bi Kazija. Vuai alikuwa amesoma miaka kumi na miwili: hesabu, mantiki, sharia, na elimu ya nyota juu yake. Akapewa shahada yenye mihuri mitatu. Lakini kila alikobisha kuomba kazi huulizwa, "Una uzoefu wa miaka ishirini?" naye umri wake ni ishirini na minne. Mali yao yote ilikuwa kuku watatu, na mmoja wao ni wa jirani. Na ukuta wa chumba cha Bi Kazija ulikuwa umeota kuvu nene, ukiuegemea unaondoka na ramani mgongoni.

"Mwanangu," akasema Bi Kazija, "ng'ombe arobaini tutawatoa wapi? Nyumba hii kaijenga marehemu babako kwa mikono yake. Nikitolewa humu, na utu uzima huu, naenda kulala wapi?"

"Tulia, mama. Mimi nimesoma."

"Ndilo hilo linalonitia hofu."

Sasa Tandamanga ilikuwa na ada kongwe kuliko Sultani mwenyewe: nyumba iliyotandikiwa mgeni haiguswi, wala mgeni hafukuzwi hata aondoke kwa hiari yake. Babu yake Sultani alipata kusimamisha vita siku nane kwa sababu adui mmoja alikuwa hajamaliza kahawa.

Basi wavunjaji walipofika kwa Bi Kazija, wakamkuta Vuai ametandika mkeka mbele ya ukuta, ameweka sahani ya tende na dele la kahawa, naye anaupepea ukuta kwa kipepeo cha ukili, taratibu, kama apepeaye bibi harusi.

"Polepole jamani," akanong'ona. "Mgeni kajinyoosha."

"Mgeni gani?" akauliza mkubwa wa wavunjaji, mtu wa miraba minne.

"Huyu hapa."

"Hiyo si kuvu?"

"Kaka, mtaje kwa heshima. Yuko mbele yako."

Wavunjaji wakatazamana. Kuvu waliijua, na ada waliijua. Nani atakayekuwa wa kwanza kumpiga mgeni mtaimbo? Wakashauriana, mwisho wakaona heri wampeleke Vuai barazani kwa Sultani, wakafuatana naye wote, na mitaimbo yao mabegani.

"Ewe Vuai," akasema Sultani, "wanifanyia mzaha?"

"Hasha, Maulana. Nimesoma ada zetu. Mgeni ni yule ajaye bila kuitwa, akatua mzigo, akala chakula cha mwenyeji. Huyu hakuitwa. Katua tangu masika ya juzi. Na kula amekula: kala mkeka, kala viatu, mwisho kala shahada yangu na mihuri yake yote mitatu. Miaka miwili nimeizungusha shahada ile mji mzima, wallahi yeye ndiye wa kwanza kuionea hamu."

Baraza likapasuka kwa kicheko. Waziri akainuka.

"Excuse me! Nonsense! Kuvu si mtu!"

"Ada imesema mgeni, Sheikh Waziri, haikusema mtu. Wewe uliyesoma ng'ambo, nionyeshe imesema wapi."

Sultani akakuna ndevu.

"Na huyu mgeni wenu ataondoka lini?"

"Nimemuuliza, Maulana. Anangojea ruhusa ya wakubwa zake."

"Wakubwa zake wako wapi?"

"Nasikia wamefikia kwako. Nyuma ya pazia hilo."

Mtumishi akalivuta pazia kabla hajakatazwa. Lo! Ukuta ulikuwa mweusi chini, kijani juu, na katikati uyoga umesimama safu kwa safu kama askari wa gwaride. Baraza zima likapiga chafya.

"Hayo ni mapambo," akasema Waziri.

"Basi Maulana achague," akasema Vuai, akiinama. "Kama kuvu ni mgeni, nyumba ya mama yangu haiguswi. Kama si mgeni, siwa imekwisha kusema: kila nyumba yenye kuvu ivunjwe, with immediate effect. Na wavunjaji ninao hapa mlangoni. Hawajui Kiingereza, lakini hilo wamelielewa."

Mkubwa wa wavunjaji akatema mate viganjani, akaukamata mtaimbo.

Sultani akautazama mtaimbo, akautazama uyoga, akapiga chafya moja kubwa, kisha akacheka hata kilemba kikamtoka. "Ni mgeni! Ni mgeni, nami nashuhudia! Lakini Vuai, hawa wangu nawaondoaje? Waziri kaniandikia jumba jipya kwa ng'ombe elfu sita."

Vuai akaenda dirishani. Madirisha yalikuwa kumi na mawili, yote yamepigiliwa mbao.

"Nani kayaziba?"

"Waziri. Kasema mtukufu haonekani na wapita njia."

Vuai akaazima mtaimbo, akang'oa mbao moja. Jua likaingia kama mtu aliyengojeshwa nje miaka. Upepo ukafuata.

"Gharama yake ni jasho, Maulana. Na misumari unarudishiwa."

"Ajabu! Na kwa mama yenu, mbona kuna kuvu? Hana dirisha?"

"Dirisha analo, Maulana. Mbele yake, shubiri moja, pana ukuta wa zizi la ngamia."

Baraza zima likageuka kumtazama mwenye ngamia. Sultani akafuta amri yake palepale, na Waziri akakabidhiwa mtaimbo, akauvunja ukuta wa zizi kwa mikono yake, jiwe moja moja, na Bi Kazija akisimamia.

"Hapo umeruka jiwe, baba," alikuwa akimwambia. "Sorry, ndiyo msemavyo?"

Mwezi haukuisha, ukuta wa chumba chake ukakauka, na mgeni akaondoka bila kuaga.

Nanyi mlio ofisini leo, mnaotia sahihi vibali vya ujenzi na kutuandikia bei za nyumba isiyoota kuvu mkiwa kwenye viyoyozi, tunataka jambo moja tu: kabla kalamu haijagusa karatasi, njooni mlale masika mazima kwenye chumba cha mpangaji, nyinyi na wanenu, mlango umefungwa. Kisha mtuambie bei. Tunaanza na mkubwa wenu. Aje na godoro lake, la kwetu limelowa.