Hodi ya Tatu

Ndugu zangu, nipeni masikio kidogo. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa fasihi, mama mtu mzima, bingwa wa kufumbua mashairi. Jambo moja tu lilimshinda. Yeye na mdogo wake, tumbo moja, walikuwa wamenuniana mwaka wa tatu kwa maneno yaliyosemwa msibani. Kila siku alisema, "Aje yeye kwanza. Akija, nitamfungulia."

Alasiri moja alikuwa nyumbani na wanafunzi wawili wa chuo, wanasoma shairi refu la Waingereza wa kale, la mfalme na mashujaa wake wapanda farasi. Shujaa mmoja, kajeruhiwa, anafika kwenye ngome ya kaka yake. Anagonga lango mara tatu. Kisha anageuza farasi, anafia njiani.

"Kwa nini tatu?" akauliza mwalimu, macho yanang'aa.

Nje mtu akaita, "Hodi!"

"Atasubiri huyo. Tatu ni ishara ya nini?"

"Labda ujana, utu uzima na uzee," akasema wa kwanza.

"Vizuri! Na lango?"

"Hodi!"

"Lango ni moyo wa kaka yake," akajibu wa pili.

Mwalimu akapiga makofi. "Hasa! Sasa mbona hakugonga mara ya nne?"

"Hodi jamani!" Sauti ilikuwa imepungua.

Wakabishana. Ni kiburi? Ni damu iliyomwishia? Walikuwa na raha zao, hata mimi ningekaa. Mwishowe yule wa kwanza akacheka. "Mwalimu, si adabu tu? Kwetu hodi ni tatu. Usipoitikiwa, unakwenda zako."

Mwalimu akaliweka shairi chini. Kisha akakimbilia mlangoni. Uchochoro mtupu. Kizingitini palikuwa na sahani ya visheti, imefunikwa kwa kawa alilolisuka marehemu mama yao.

Mnataka kujua, alimwahi? Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba alitoka bila viatu.

Na sisi je? Sisi hodari wa kufasiri. Tunajua lango la kwenye shairi ni moyo, na la kwetu tumelikomea kwa ndani. Tunasema "aje yeye kwanza". Una hakika hakuja? Ile salamu aliyokutumia sikukuu, ukaipuuza, ilikuwa hodi ya ngapi? Usinijibu mimi. Ukitoka hapa usipitie nyumbani, nenda kwake. Na safari hii hodi piga wewe.