Mashine Iliyozisifia Breki

Palikuwa na mtu mmoja, jina lake Ambakisye, aliyekabidhiwa kituo cha kukagua magari katika mji wa mlimani, pale barabara inapoanza kuteremka kwenda bondeni. Kazi yake kubwa ilikuwa kusimamia mashine ya kupimia breki. Magurudumu ya gari yalikaa juu ya mapipa ya chuma yanayozunguka, dereva akakanyaga breki, na namba ikajiandika ukutani. Namba ikitosha, gari lilibandikwa stika likaenda zake. Isipotosha, lilirudi gereji.

Ambakisye hakuwa mla rushwa. Hilo lisemwe mapema. Kwa miaka kumi na moja hakupokea hata soda ya dereva, na mashine yake aliifuta kila asubuhi kwa mkono wake. Watu walimwamini yeye, naye aliiamini mashine.

Mwaka huo mvua zilizidi. Maji yakaingia kwenye shimo la mashine, yakakaa, yakakauka. Mashine haikupiga kelele wala kusimama. Ilianza tu kuzisifia breki, ikizipa nguvu zisizokuwa nazo. Mwezi wa kwanza ilizisifia kidogo, mwezi wa pili zaidi kidogo. Hakuna aliyegundua, kwa sababu namba za leo zilifanana na za jana, na za jana zilifanana na za juzi.

Kila mwaka alikuja mama mmoja kutoka mkoani, Agripina, ambaye kazi yake ilikuwa kuzipima mashine zinazopima. Mara mbili mwaka huo Ambakisye alimwomba aahirishe, kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu na mashine haikuwa na tatizo. Mara ya tatu Agripina hakuuliza. Alifika na mkono wa chuma wa kupimia na masanduku yake ya vyuma vya uzito unaojulikana. Akaufunga ule mkono kwenye mashine, akaning'iniza uzito wa mia. Ukutani ikajiandika mia na thelathini. Akautoa, akaurudisha. Mia na thelathini. Basi akaizima mashine na kuifunga kwa utepe mwekundu, huku madereva wakipiga honi.

Ambakisye aliona uso unawaka kwa aibu. Alimwambia mbele ya watu kwamba mashine ile haijawahi kumwaibisha, na kwamba huenda ni vyuma vyake vilivyopungua uzito kwa kutikiswa njiani.

Agripina hakukasirika. Alitoa karatasi sandukuni, akampa.

"Huenda, Mzee. Ndiyo maana na mimi huvipeleka kupimwa. Vilipimwa mwezi uliopita. Mashine yako tangu mvua zianze imepimwa na nani?"

Ambakisye alikaa juu ya sanduku. Hakuwaza tena aibu. Aliwaza ule mteremko. Agripina alishuka shimoni, akatoa kifaa kilicholiwa na kutu, akaweka kingine, akapima mpaka mia ikasoma mia. Wakati huo Ambakisye alikuwa amefungua daftari la magari. Tangu mvua, alikuwa amepitisha magari mia mbili na sitini. Angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Akachukua simu, akaanza na la kwanza. Ambakisye alimwambia kila mwenye gari maneno yaleyale: kwamba alilipitisha gari lake kwa kipimo kibovu, kosa ni la Ambakisye mwenyewe, na gari lisiteremke kabla ya kurudi kituoni.

Wengine walimtukana. Mmoja aliapa kumshtaki. Lakini walirudi.

Siku ya tatu alifika Lwitiko, dereva wa basi dogo lililoteremsha akina mama wa sokoni kila Alhamisi. Alikuja akinung'unika, maana aliwaacha stendi wamekaa na matenga yao ya kabichi. Breki za mbele zilishika. Za nyuma, namba haikusogea. Akakanyaga tena kwa miguu yote miwili, nayo haikusogea. Walipolifungua gurudumu walikuta mafuta yaliyoanza kuvuja kabla hata ya ile stika, sasa yamejaa ndani, breki zinateleza kama bamia.

Lwitiko alibaki amekaa nyuma ya usukani. Kisha akaomba maji ya kunywa. Alipoteremka, aliushika mkono wa Ambakisye kwa mikono yake yote miwili.

Habari ikafika stendi. Akina mama wale, ishirini na wawili, walipanda kilima kwa miguu kuja kumshukuru. Ambakisye aliwaambia kwamba shukrani hiyo imepotea njia, kwani aliyewaokoa ni mgeni ambaye yeye alimzuia mara mbili. Mama mmoja mzee akamwambia kwamba aliyezuia mlango kisha akaufungua naye hushukuriwa, ila asizoee kuuzuia. Ambakisye akacheka huku macho yamelowa.

Tangu hapo aliomba kwa barua kwamba Agripina aje mara mbili kwa mwaka, bila kutoa taarifa. Akimwona anafika, husimamisha foleni mwenyewe, humwekea kiti, huvua kofia, na hungoja namba kama mtu anayengoja habari njema, hata ikiwa ni ya kumkosoa.

Na wewe, aliyekuja kukuonyesha ulipopotoka, ulimpa kiti au ulimfungia lango?