Bahasha Nyembamba ya Chaurembo

Kila zabuni ya madawati ilipotangazwa, Afisa Ugavi Mbwiga alimdai seremala Bi Chaurembo vyeti kumi na viwili upya, ingawa vya mwaka jana vilikuwa bado hai, vimelala kabatini mwa afisa huyo.

"Basi nirudishie vile," alisema Chaurembo safari hii.

"Karatasi ikishaingia humu haitoki!"

"Mume wangu atasema nimevipoteza. Niandikie tu kwamba unavyo vyote, na muda wake haujaisha."

Ili amwondoe mlangoni, Mbwiga akaandika, akatia sahihi, akagonga muhuri.

Siku ya kufungua zabuni, bahasha ya Chaurembo ilikuwa na bei yake na karatasi moja tu.

"Vyeti viko wapi?" Mbwiga akafoka.

Mwenyekiti wa kamati akaisoma ile karatasi. "Afisa, sahihi hii si yako?"

"Vimo kabatini mwako, bosi," akasema Chaurembo, "na funguo unazo mwenyewe."