Kidani Chenye Alama za Meno

Hapo zamani, enzi ambazo mwimbaji wa taarabu akikohoa mtaa mzima unamchemshia tangawizi, palikuwa na Bi Shemsa, mwanamke mwenye ugonjwa mmoja tu: kukusanya mapambo ya waimbaji. Kabatini mwake mlikuwa na kipini cha huyu, kikuku cha yule, hata hereni moja isiyo na mwenzake. Alichokosa ni kidani cha mwimbaji Bi Tunu Chiriku.

Mara akasikia kwamba Bi Tunu anataka meno ya dhahabu, na kidani amekipeleka kwa sonara kiyeyushwe. Shemsa alitoka mbio, kanga moja kichwani, nyingine inaburura. Akakuta moto umeshawaka.

"Sonara, ngoja! Yeyusha hizi!"

Akavua bangili alizovishwa na marehemu mama yake siku ya harusi. Alilia, lakini alivua. Bangili zikawa meno ya Bi Tunu, kidani kikawa cha Shemsa. Kila mgeni alionyeshwa vialama kwenye dhahabu. "Hapa ndipo Bi Tunu alipokuwa aking'ata kabla ya kuimba," Shemsa husema, kisha huvibusu.

Ikaja harusi. Shemsa akashindwa kujizuia, akakivaa. Hajakaa vizuri, Bi Kazija, mmoja wa waalikwa, akapiga ukelele.

"Kidani changu hicho! Na hizo alama ni za mwanangu Salmini, alipokuwa akiota meno!"

Shemsa akajifuta midomo.

Kazija akamnyooshea kidole Bi Raya, jirani aliyewahi kumwazima, aliyekuwa akijificha ndani ya buibui. Akakiri. Alikiazima zamani kwenda harusini. Bi Tunu akaimba, wimbo ukamchoma, akakivua na kumtunza Bi Tunu pale pale jukwaani. Kazija akaambiwa kimetumbukia kisimani.

"Ningefanyaje, shoga? Wimbo ulikuwa ukinisema mimi na mume wangu!"

"Nilikuazima, sikukupa," Kazija akasema. "Tangu lini mtu akatunza cha mwenzie? Shemsa, vua!"

"Usivue!" Bi Tunu akadakia kutoka jukwaani, meno yakimeremeta. "Tunza hairudi. Nilitunzwa mbele za watu, kikawa changu, nikakitoa nilikotaka. Leo mkirudisha kidani, kesho mtanivua kanga hapa hapa!"

Shemsa alikishika kidani kwa mikono miwili. Kazija hakudanganya, hilo aliliona. Lakini mama hayupo, na bangili hazipo.

"Haya, achukue," akasema. "Ila bangili za mama yangu zimo kinywani mwa Bi Tunu. Kidani kikienda, na mimi nipewe meno yangu!"

Bi Tunu akafumba mdomo ndi! Akabembelezwa aimbe, akatikisa kichwa. Udi unafuka, ngoma zimenyamaza, bibi harusi anasubiri, na mwimbaji hafumbui kinywa.

Haya, nyie mnaocheka: nani alistahili kuondoka na kidani, na nani arudi kwake shingo tupu?