Mkwe Aliyeingia Kinyumenyume

Haya, waliopo waseme wapo!

Tupo, Bibi!

Masikio mmekuja nayo?

Tumekuja nayo!

Na mikono?

Inachambua maharage!

Basi ichambue kweli, maana mama yenu akirudi akakuta ungo umejaa maganda, atasema nawaharibu kwa maneno. Kadeghe, nisogezee kigoda. Miguu yangu hii imegoma, mnaijua, na ukungu wa leo unaizidishia ugomvi. Tukisubiri jua litoke, nitawapa kisa. Nilipewa na bibi yangu, naye alipewa na bibi yake, na huko nyuma sijui nani alikuwa anampa nani.

Zamani, zamani zile mawe yalipokuwa bado mabichi, mtu akikanyaga jiwe anaacha unyayo, zamani hizo kulikuwa na kijiji huku huku milimani, kinaitwa Kirindeni. Katika kijiji hicho kulikuwa na msichana, jina lake Nankondo, na kijana, jina lake Mashambo. Walikuwa wakikutana kwenye mfereji wa maji. Nankondo anakuja na mtungi, Mashambo anakuja na mbuzi. Mtungi ukijaa, haondoki. Mbuzi wakishiba, hawaondoki. Mnacheka nini? Hata nyinyi mtakuja kuchota maji siku moja.

Basi Mashambo akataka mahari. Akafuatana na wachukuzi wa chumvi, akashuka bondeni, akapotea misimu mitatu. Huku nyuma watu wakasema ameliwa na simba. Baba yake Nankondo akasubiri, akasubiri, akachoka, akamwoza binti kwa mtu wa ng'ambo ya mlima. Mashambo akarudi na chumvi yake, mzima kabisa, hana hata mkwaruzo. Akaambiwa, "Nankondo ameolewa." Akaketi chini. Kisha akainuka akaenda kuchonga mizinga ya nyuki, na akawa mrina asali.

Hapana, Nai, mume wa Nankondo hakuwa mbaya. Kwa nini kila mume wa kwanza awe mbaya? Alikuwa mtu wa watu. Walizaa, walilima, walizeeka kidogo, akafa. Na Mashambo naye alioa, akapata mabinti, mabinti wakaolewa, mkewe akafa. Maisha yalikwenda hivyo, kila mtu kwake, mpaka nywele zao zikaanza kuota mvi.

Sasa sikilizeni. Mama yake Nankondo, Bibi Msiwa, alikuwa bado yuko Kirindeni, peke yake. Siku moja alianguka akitoka kukata majani, na tangu hapo miguu ikakataa. Haisimami, haitembei. Nankondo alipopata habari aliwaambia wanawe, "Nyinyi mmekua, na mama yangu amerudi kuwa mtoto." Akafunga mzigo wake, akarudi nyumbani kumtunza.

Akamwogesha, akamlisha, akamgeuza. Bibi Msiwa hakuwa na makuu, alitaka kitu kimoja tu: jua. Nyumba yao ilikuwa chini ya genge, baridi usiku na mchana. Lakini upande wa pili wa migomba kulikuwa na mwamba mpana, na jua likichomoza hulala pale mpaka jioni.

"Nankondo mwanangu, nipeleke mwambani nikaote jua. Mifupa inanilia."

Nankondo akambeba. Alikuwa mwanamke wa haja, lakini hakuwa na mwili. Wakafika katikati ya migomba, wakaanguka wote wawili. Bibi Msiwa chini, Nankondo juu. Bibi Msiwa akapiga kelele, "Uwii! Binti yangu ananiua!" huku anacheka. Nankondo hakucheka, alikuwa analia.

Nani akasikia? Semeni wenyewe.

Mashambo!

Ndiye. Nyumba yake ilikuwa chini kidogo tu, ukikohoa huku unasikika kule. Akaja mbio, akamwinua Bibi Msiwa mikononi kama mtoto mchanga, akamfikisha mwambani. Mtu anayebeba mizinga ya nyuki kupandisha mlima, bibi kizee ni nini kwake? Jioni akaja, akamrudisha.

Kesho yake akaja. Keshokutwa akaja. Jua likichomoza, Mashambo huyo! Jua likizama, Mashambo huyo! Na katikati ya kuchomoza na kuzama, mtu huyu akaanza kusahau njia ya kwake. Bibi Msiwa anaota jua mwambani, na wale wawili wamekaa kivulini wanachambua maharage kama nyinyi. Ila nyinyi mnachambua vizuri zaidi. Wao waliweka maganda chunguni na maharage wakayatupa, si mara moja.

Siku moja Mashambo akachoma ndizi. Moja akaiacha iungue upande mmoja, ikawa nyeusi tii, akampa Nankondo.

"Bado unazipenda zilizoungua?"

Nankondo akaipokea, akaitazama. Mumewe, katika miaka yote ile, hakuwahi kulijua jambo hilo, na yeye hakuwahi kumwambia. Akasema, "Mashambo, ulikuwa wapi?"

"Nilikwenda kutafuta chumvi."

Wakacheka mpaka ndizi ikadondoka. Nankondo akahisi moyo wake umerudi ujanani, na hakuona haya. Ndivyo ilivyokuwa, watoto, alimpenda tena. Alimpenda kuliko zamani, maana zamani hakujua kupoteza.

Mwezi mmoja ukaisha hivyo, Mashambo akasema, "Nankondo, nataka kukuoa."

Nankondo akajibu, "Haiwezekani."

Mnashangaa? Ninyi wa siku hizi lazima mshangae. Zamani zile mwanamume akishaoa, haruhusiwi kuuona uso wa mama mkwe wake, na mama mkwe haruhusiwi kuuona uso wake. Wakikutana njiani, huyu anaingia kichakani na yule anajifunika kanga… hata kanga zenyewe hazikuwepo, alijifunika ngozi. Ilikuwa ndiyo heshima, na aliyeivunja alihesabiwa kuwa amemtukana mzazi. Jirani anaweza kumbeba Bibi Msiwa. Mkwe hawezi.

"Nikikubali," akasema Nankondo, "nani atambeba mama? Wanangu wako mbali, wana wazee wao upande wa baba. Vijana wa hapa watambeba leo na kesho, keshokutwa wana shughuli. Mashambo, ukiwa jirani nakuona kila siku. Ukiwa mume wangu, mama atakufa kwa baridi mle ndani, na mimi nitakuwa nakutazama wewe. Sitaweza kukutazama."

Mashambo hakubisha. Kesho yake akaja kubeba, keshokutwa akaja kubeba. Lakini kivulini kimya. Maharage yanakwenda chunguni, maganda yanakwenda kapuni, kila kitu mahali pake. Bibi Msiwa kule mwambani akatega sikio, hasikii kicheko.

Akamuuliza binti yake, "Kuna msiba gani hapa?"

Nankondo hakujua kumficha mama yake kitu. Akamweleza yote.

Asubuhi yake jua likachomoza, Mashambo huyo! Bibi Msiwa akageukia ukutani.

"Sitaki jua."

"Bibi, lakini leo limetoka zuri."

"Nimeshaota la kutosha. Nenda kaoe."

Mwaona mambo? Mama hataki kutoka ili binti aolewe, binti hataki kuolewa ili mama atoke. Wabishi wawili chini ya paa moja! Siku zikapita, Bibi Msiwa akaanza kukohoa, vidole vyake vikawa vya baridi hata ndani ya maji ya moto. Nankondo akambembeleza, akamkaripia, akamlilia. Bibi Msiwa anatazama ukuta.

Mashambo akaona mama wa watu atakufa kwa ajili yake. Akaenda kwa Mzee Mbaga, mkuu wa ukoo, na Mzee Mbaga akaita wazee. Wakaketi nje ya mlango wa Bibi Msiwa, wakanywa dengelua, ile pombe ya miwa, wakakuna vichwa. Hatimaye Mzee Mbaga akapiga paja.

"Tumepata! Tutamfanya Mashambo kuwa mwana wa Bibi Msiwa. Tunachinja mbuzi, tunawavisha pete ya ngozi, yeye na mama. Mwana anambeba mama yake, hakuna wa kumuuliza."

Wazee wakafurahi! "Hayo ndiyo maneno!" Mbuzi akaletwa, kisu kikanolewa, wengine wakaanza kugawana mapaja kabla hajachinjwa. Mara sauti ya Bibi Msiwa ikatoka ndani, nyembamba lakini inasikika.

"Mzee Mbaga."

"Naam, mama."

"Mashambo akiwa mwanangu, Nankondo atakuwa nani wake?"

"Atakuwa dada ya…"

Kisu kikashushwa. Mbuzi akalia meee.

"Mnataka kumwoza mtu dada yake, wazee wangu? Au pombe imekolea?"

Haya, chekeni, nawaruhusu. Hata Mashambo alicheka, na Nankondo akacheka nyuma ya mlango, na hicho kilikuwa kicheko cha kwanza tangu siku ile alipomkataa. Nadhani ndicho kilichomwamsha Bibi Msiwa, kwa sababu aligeuka, akauacha ukuta.

"Mzee Mbaga, desturi inakataza mkwe aone nini?"

"Uso wako, mama. Nawe usione wake."

"Na mgongo?"

"Mgongo?"

"Mgongo wake. Inakataza nisiuone? Inakataza nisiuguse?"

Mzee Mbaga akamtazama huyu, akamtazama yule. Wakakumbushana maneno ya baba zao, na ya babu zao. Uso ulitajwa. Kula pamoja kulitajwa, na kutaja jina. Mgongo, hakuna aliyewahi kusikia.

"Mama, mgongo haukutajwa."

"Mtu yule anapandisha mizinga kwa mgongo. Aje kinyumenyume, anichukue kinyumenyume. Mimi nitafumba macho nikiogopa kuona kisogo chake, maana kina upara."

Wazee wakaridhika. Lakini Bibi Msiwa hakuwa amemaliza. Akasema, "Bado hajaoa. Leo ni jirani. Mashambo, ingia kwa mbele, mara ya mwisho."

Mashambo akaingia. Akapiga magoti kando ya kitanda. Bibi Msiwa akamshika mashavu kwa vidole vyake vya baridi, akamtazama. Akatazama kovu la nyuki chini ya jicho, akatazama mvi za ndevu, akatazama kijana yule wa mfereji aliyekuwa amejificha humo ndani. Alimtazama mpaka mbuzi nje akachoka kulia.

"Nakuomba radhi," akasema. "Tulidhani umeliwa na simba."

"Hata mimi ningedhani hivyo, Bibi."

"Haya. Nimeushiba uso wako. Nenda."

Wakaoana. Yule mbuzi, mapaja yaliliwa vile vile, hakupata faida yoyote ya ubishi ule.

Asubuhi baada ya harusi, jua likachomoza, na huyo! Kwanza kisigino, kisha makalio, kisha mgongo. Mashambo anaingia kwa mama mkwe wake kinyumenyume, anapapasa kwa mkono. Akapiga teke kibuyu cha maziwa, kikavunjika. Akagonga kisogo kwenye boriti. Nankondo anamwongoza, "Kushoto! Kushoto, wewe! Huo ndio mkono wako wa kushoto?" Bibi Msiwa kitandani amefumba macho, kicheko kimembana mpaka kinageuka kikohozi. Akamkumbatia shingoni, akabebwa kama mwana mbelekoni, mpaka mwambani. Njiani Mashambo akahisi maji ya moto shingoni mwake. Hakugeuka, na hakuuliza.

Jua likichomoza, mgongo huo! Jua likizama, mgongo huo! Na kivulini, maganda yakarudi chunguni.

Nini, Nai? Alikufa? Watu wa zamani wote wamekufa, mwanangu, ndiyo maana tunawaita wa zamani. Lakini aliota jua miaka mingi, na alipokwenda, mwili ulikuwa na joto. Na tangu hapo watu wa Kirindeni wakashika desturi ile. Mkwe akija kumhudumia mama wa mkewe, anaingia kinyumenyume, na mama anasogeza vibuyu vyote kando.

Sasa na mimi niwape la kwenda nalo. Msije mkamwambia mtu mzima kwamba wakati wake wa kupenda umepita, eti kwa sababu ana mzazi wa kulisha. Wala msije mkamtupa mzazi mkasema mmekwenda kupenda. Kaeni chini, mkune vichwa, mpaka mpate mlango wa kupita wote. Hata kama utaupita kinyumenyume.

Kisa changu kimefika mwambani, nami nakitua hapo. Anayetaka kukibeba, akibebe.

Ungo uko wapi, niuone? Hm. Maganda matano katikati ya maharage. Nani anapenda nani hapa?

Nyamazeni kidogo. Naona ukungu umefunguka, jua hilo limeshafika kwenye ua wa kuku. Na hizo hatua uani ni za baba yenu, mkwe wangu, anatoka kumwagilia mboga. Siku hizi hakuna tena wa kujificha uso, anaweza kuja anitazame machoni akipenda, na mara nyingine hunitazama. Lakini asubuhi hii mtamwona. Kadeghe, ondoa hicho kibuyu mlangoni, upesi.

Haya, mnaona? Kisigino kwanza.

Kushoto, baba. Kushoto! Nipo hapa.