Tuta Ambalo Halikufunuliwa

Sogeeni karibu na moto, na kila mmoja ashike ungo wake wa maharagwe, maana mimi sisimulii watu waliokaa bure. Kisa kinapita njiani, mwenye masikio akidake. Semeni: tukidake. Haya. Na wewe Shako, toa kidole puani, hakuna maharagwe huko.

Hapo kale, wajukuu zangu, hapo kale hasa, kabla bibi wa bibi yangu hajazaliwa, wakati ukungu ulipokuwa ukishuka kwenye vilima hivi na kukaa mwezi mzima bila kupanda, palikuja njaa. Sikusema uhaba. Nyinyi mkikosa sukari kwenye chai mnasema kuna njaa. Ile ilikuwa njaa ya watu kuchemsha ngozi za kulalia. Mvua ilikosa mara ya kwanza, ikakosa mara ya pili. Ng'ombe wakaisha, mbuzi wakaisha, kunde zikaisha. Kikabaki kitu kimoja: viazi vikuu arobaini vya mbegu.

Arobaini tu, kwa kijiji kizima. Vikipona mpaka mvua ya vuli, watu wangepanda na wangeishi. Visipopona, hapakuwa na wa kuombwa, kwa sababu vilima vya jirani navyo vilikuwa vimekauka.

Sasa watu wale walikuwa na desturi yao. Kipupwe kilipoingia, ule ubaridi wa miezi mitatu, mbegu ilizikwa kwenye tuta moja, ikafunikwa nyasi kavu, nene, ili baridi isiiozeshe. Kisha mzee wa kijiji akafunga kamba ya mgomba juu ya nyasi, akapiga fundo. Fundo likishapigwa, hakuna mtu kulifungua. Si kwa kula, si kwa kuangalia, mpaka tone la kwanza la vuli. Mnasema ni ujinga? Haukuwa ujinga. Zamani zaidi ya hapo watu walikuwa wakifunua kuangalia tu, na aliyeangalia alinusa, na aliyenusa alikula. Ndipo wakakata shauri kwamba hata kuangalia ni marufuku.

Na tuta lilikuwa na mlinzi wake. Mwaka huo alikuwa Mghoi, mjane mzee, mwanamke mkimya ambaye hajapata kuokota hata ukuni wa mtu. Mghoi alikuwa amebakiwa na mjukuu mmoja, Wakesho, msichana wa miaka saba hivi. Baba na mama wa mtoto walishuka nyikani kutafuta chakula mvua ilipokosa mara ya pili, na hawakurudi.

Mzee wa kijiji aliitwa Mwandoe. Akawakusanya watu wajenge ua kuzunguka tuta. Wakajenga, watoto wangu. Wakakata miti, wakakata. Wakachimbia nguzo mpaka kwenye kiwiko, wakasuka fito, wakasiliba matope chini, wakatandika miiba juu. Watu wenye matumbo matupu, lakini walijenga.

Mwandoe akazunguka ule ua akiuliza, "Nguruwe atapita wapi hapa?"

"Hapiti, mzee."

"Na paa?"

"Hapiti."

"Na nungunungu, yule mwizi mwenye mishale mgongoni?"

"Huyo naye hapiti."

Na kweli hawakupita. Nguruwe alikuja, akagonga pua, akaenda zake. Paa alikuja, akarukaruka kule na huku, akaenda zake. Nungunungu alikuja, akakwangua matope mpaka akachoka, akaenda zake. Watu wakaja kutazama zile nyayo asubuhi, wakapongezana. Wote walitazama nje ya ua. Wote walitazama mbele na juu, na hakuna hata mmoja aliyefikiria chini.

Fuko mnamjua. Hana macho ya maana, hana haraka, hasemi na mtu. Yeye alikuwa huko chini kwa chini, anachimba, anachimba, anachimba, mpaka siku moja akatokea katikati ya tuta. Akakuta nini? Akakuta nyumba imekwisha kujengwa. Juu kuna nyasi nene za joto. Udongo anaousukuma unajificha chini ya nyasi zile zile. Mwewe hamwoni, mbwa hamnusi, na watu wenyewe wameapa kutofunua. Angejengewa na ndugu zake asingejengewa vizuri namna ile. Akaanza kutafuna.

Nani wa kwanza kujua? Wakesho. Mtoto alikuwa amedhoofika, hachezi tena. Mghoi alikuwa akimlaza kando ya tuta mahali penye jua kidogo, yeye mwenyewe akikaa mlangoni mwa ua na fimbo yake. Mtoto analala ubavu, sikio liko ardhini.

"Bibi," akasema Wakesho.

"Abee, mama."

"Huku chini kuna mtu anatafuna."

Mghoi akamtazama. "Chini hakuna mtu, mama. Ni tumbo lako hilo."

"Tumbo langu liko hapa," mtoto akasema, akajigusa. "Anayetafuna yuko huku." Akaweka kiganja juu ya udongo.

Mghoi hakulala na neno lile, aliondoka pale pale akaenda kwa Mwandoe. Na Mwandoe hakuwa mtu mbaya, msimchukie bure. Alikuja. Akauzunguka ua mara mbili, akatikisa nguzo moja moja.

"Ua ni mzima, Mghoi," akasema. "Mtoto mwenye njaa husikia chakula kila mahali. Mimi mwenyewe juzi nimesikia chungu kikichemka nyumbani kwangu, na sina chungu kilichochemka tangu mwezi uliopita."

"Tufunue kidogo tu, mzee. Upande mmoja."

"Kidogo tu ndivyo walivyosema wote waliokula."

Watu walikuwa wamesimama pale wanasikiliza. Wakamtazama Mghoi, wakamtazama mjukuu wake, wakatazamana. Mghoi akaelewa wanachokifikiri, akaona aibu, mwanamke ambaye hajapata kuokota hata ukuni wa mtu. Akanyamaza. Hapo ndipo kosa lilipoingia, wajukuu zangu, mahali hapo hapo, kwenye ile aibu. Sheria ilikuwa ngumu, ndiyo, lakini bibi angeshikilia neno la mjukuu wake mara ya pili na ya tatu, Mwandoe angekubali mwishowe. Hakushikilia.

Siku zikapita. Wakesho akawa mwepesi, bibi yake anamnyanyua kwa mkono mmoja.

"Bibi, viazi viko vingapi?"

"Arobaini."

"Kimoja kikitoka, vitabaki vingapi?"

"Vitabaki thelathini na tisa."

"Thelathini na tisa si vingi?"

"Ni vingi. Lakini si vyangu, mama."

"Ni vya nani?"

"Ni vya watoto wa kijiji, wapate kula mwakani."

Wakesho akafikiri. "Mimi si mtoto wa kijiji?"

Mghoi akamwambia, "Wewe ni mtoto wangu. Kwa hiyo wewe ngoja."

Hapo mimi huwa nakwama kidogo. Nilipewa kisa hiki nikiwa mdogo kama wewe Mkamburi, na mpaka leo sijui ningemjibu nini. Endeleeni kupepeta, msinitazame mimi.

Mtoto akangoja. Kila siku akalazwa pale pale, na kila siku akaleta habari ile ile kwa sauti ndogo. Bado anatafuna, bibi. Leo yuko upande wa mlango, bibi. Leo wako wengi, bibi, wanalialia. Na bibi yake akawa anamjibu ndiyo mama, ndiyo mama, kama mnavyomjibu mtu mwenye homa.

Wakesho alikufa asubuhi moja yenye ukungu, siku tisa kabla ya mvua. Wanawake walimzika kwa sababu wanaume hawakuwa na nguvu za kuchimba. Mghoi akarudi kukaa mlangoni mwa ua na fimbo yake, maana hakujua kazi nyingine ya kufanya.

Siku ya tisa vuli ikaja. Tone la kwanza, la pili, kisha mvua yenyewe. Watu wakatoka wamefungua vinywa, wakakimbilia kwenye tuta. Mwandoe akalikata fundo mbele ya wote. Wakaondoa nyasi. Chini yake wakaona vichuguu vya udongo mbichi, kimoja, viwili, vitano, kumi. Mwandoe akaingiza mkono akatoa kiazi. Kilikuwa ganda tupu. Akatoa kingine, ganda tupu. Vyote arobaini, maganda matupu.

Hakuna aliyelia. Mwandoe akageuka akamtazama Mghoi.

Mghoi akachukua jembe la mtu aliyesimama karibu. "Fuateni njia yake," akasema. "Mtoto alisema yuko upande wa mlango."

Wakachimba kufuata shimo. Likapita chini ya nguzo, likapita chini ya miiba, likatoka nje ya ua, likaingia chini ya jiwe. Wakaligeuza jiwe. Hapo palikuwa na ghala la fuko, limejaa vipande vya viazi alivyovikata na kuviweka, na kumi na moja vilikuwa na macho yake mazima, tayari kuota. Kandokando yake palikuwa na kitanda cha nyasi laini, zile zile nyasi za tuta, na juu yake watoto wanne wa fuko, wanono, wamelala.

"Mbegu imepona," watu wakaanza kusema. "Mghoi, mbegu imepona." Wengine sasa wakalia, wakashikana mikono. Na kweli ilipona, maana nyinyi mko hapa mnanichafulia jiko. Lakini kijana mmoja akainua mpini juu ya wale watoto wa fuko, akaanza kumlaani mama yao, mwizi, mlafi, mchawi wa ardhini.

Mghoi akamshika mkono.

"Waueni," akasema, "maana hakuna njia nyingine. Lakini mama yao msimtukane mbele yangu. Yeye wanawe aliwalisha."

Akaweka jembe chini, akaenda nyumbani.

Tangu mwaka ule desturi ikabadilika. Chini ya mbegu hutandazwa mawe bapa, pembeni hupandwa utupa, ule mmea ambao fuko hapendi kuukaribia, na nyasi hazilazwi mpaka kwenye udongo, huachwa nafasi ya kiganja. Kila mwezi ukiandama fundo hufunguliwa mchana, mbele ya watu wote. Mzee hainami. Anayelala chini kusikiliza ni mtoto, na akisema nimesikia, panachimbwa siku hiyo hiyo, hata kama amekosea mara kumi.

Basi shikeni hili. Kulinda kitu ni vizuri, lakini jiulizeni mnamlindia nani, na huyo mmtazame kila siku kama mnavyoutazama ua. Na mtu mdogo akikuambia nasikia kitu, usimwambie ni tumbo lako. Inama kwanza.

Nimekitua hapa. Atakayekibeba asikipunguze. Leteni hizo nyungo, nione nani alikuwa akipepeta na nani alikuwa akilia tu.